Hospitali Zetu na Ajali za Nyuklia

Katika mkutano wetu uliopita mwenzetu mmoja alisimama akauliza ni kwa nini Chama cha watumishi wa Serikali kijishughulishe na ajali za nyuklia, hali nchi yetu haina hata kinu kimoja cha kutoa umeme kwa njia hiyo, na hali mishahara, nyumba na likizo ni mambo yanayotusumbua kila siku. Wengi walicheka, na sisi tulicheka pamoja nao. Lakini tuliporudi nyumbani tulilifikiri swali lile, tukaona lastahili jibu, tena jibu lenyewe si fupi. Kwa hiyo tumeliweka hapa, mahali pa neno tulilokuwa tumeahidi juu ya posho za safari. Neno hilo litangoja toleo lijalo, na walioliandikia barua watuwie radhi.

Kwanza yafaa ijulikane kuwa mionzi haikai katika vinu vya umeme peke yake. Katika hospitali ya Ocean Road mjini Dar es Salaam, na katika hospitali ya Bugando mjini Mwanza, wagonjwa wa saratani wametibiwa kwa mitambo yenye kobalti, ambayo mionzi yake huua ugonjwa, na ambayo ikitoka katika ganda lake la madini ya risasi yaweza kumwua mzima pia. Vitu hivyo husafirishwa, hupokewa, huandikwa katika madaftari; sheria yavilinda, na Tume ya Nguvu za Atomiki iliyoko Arusha ndiyo yenye kuisimamia sheria hiyo. Jirani zetu wa Kenya wana mpango wa kujenga kinu cha umeme, na Afrika Kusini wanacho kituo cha Koeberg, karibu na Cape Town, kilichoanza kazi mwaka wa 1984. Basi asiseme mtu kwamba jambo hili ni la Wazungu na Wajapani.

Na atakaye kujua jinsi ajali ya namna hii inavyoingia katika mji usio na kinu, na afikiri habari za Goiânia, katika nchi ya Brazili. Mwezi wa Septemba 1987 watu wawili waliingia katika kliniki ya saratani iliyohamwa, wakang'oa chombo kilichosahauliwa humo, na baadaye kikauzwa kwa mnunuzi wa vyuma vikuukuu. Ndani yake mlikuwa na unga wa sesiamu uliong'aa gizani kwa rangi ya samawati. Watu waliupenda; wakagawiana kama zawadi, wengine wakajipaka. Walipoanza kutapika na kubabuka ngozi walikwenda kwa waganga, na waganga wakadhani ni chakula kibaya, au ni maradhi ya nchi za joto. Yapata wiki mbili zilipita hivyo. Mwishoye aliyetambua hakuwa mganga, bali mke wa yule mnunuzi wa vyuma, aliyeona kuwa jamaa zake wameanza kuugua tangu siku kitu kile kilipoletwa. Alikitia katika mfuko, kikachukuliwa kwa basi la abiria mpaka ofisi ya afya, kikawekwa juu ya meza. Mwezi uliofuata mwanamke yule alikufa. Watu wapatao 112,000 walipimwa katika uwanja wa michezo. 249 walionekana kuwa na vumbi lile, na wanne walikufa, mmoja wao mtoto wa miaka sita.

Twawaomba makarani wenzetu waifikiri ile meza. Ilikuwa meza ya ofisi, kama hizi tunazoandikia. Mtu akija leo na mfuko akasema kitu hiki chatuua, je, tarishi wa mlangoni ajua amwite nani?

Hilo ni jibu la kwanza. Lakini neno tunalotaka kulisema zaidi latoka Japani, na tumelichagua kwa sababu Japani si nchi maskini, wala si nchi isiyopenda mipango. Walikuwa na vitabu vya maagizo, walikuwa na mazoezi, walikuwa na hospitali zilizoteuliwa kwa ajali za mionzi. Hata hivyo wagonjwa wao walikufa kwa jambo ambalo karani, dereva na muuguzi wangeweza kulizuia kama wangalipangwa mapema.

Tarehe 11 Machi 2011, saa tisa kasorobo alasiri, nchi ilitetemeka, kisha bahari ikapanda juu ya pwani, ikazima mashine za kupoza vinu vya Fukushima Daiichi. Usiku ule Serikali iliamuru watu walio ndani ya kilomita 3 wahame. Kabla ya saa kumi na mbili asubuhi ya pili amri ikawa kilomita 10. Jioni ya siku hiyo hiyo ikawa kilomita 20. Msomaji atazame saa hizo. Ndani ya siku moja mpaka ulisogezwa mara tatu, na kila uliposogezwa hospitali nyingine zilijikuta zimo ndani yake. Mpango uliokuwa katika vitabu ulifikiri hatari isiyozidi kilomita 8 au 10 tu. Hata nyumba iliyojengwa iwe makao ya maofisa wa kuongoza wakati wa ajali ilikuwa kilomita 5 tu kutoka kwenye vinu, tena haikuwa na vichujio vya kuzuia vumbi la mionzi. Maofisa wakaiacha tarehe 15, wakahamia mji wa Fukushima. Hatuandiki haya kwa kuwacheka. Ofisi ngapi za kwetu zina ndoo ya mchanga ya kuzimia moto, na ndoo yenyewe imekuwa mahali pa kutupia vipande vya sigara?

Ndani ya zile kilomita 20 zilikuwamo hospitali saba zenye wagonjwa wapatao 850, na karibu 400 kati yao walikuwa mahututi au hawawezi kuondoka kitandani. Mojawapo iliitwa Hospitali ya Futaba, katika mji wa Okuma, kiasi cha kilomita nne na nusu kutoka kwenye vinu. Ilikuwa na wagonjwa 338, wengi wao wazee, na karibu yake nyumba ya kutunzia wazee yenye watu 98. Tarehe 12 mabasi yalikuja, yakawachukua wagonjwa 209 walioweza kutembea, pamoja na wauguzi karibu wote, kwa kuwa walidhani mabasi mengine yaja nyuma yao. Hayakuja siku ile. Mganga mkuu alibaki na watu wachache, hawana umeme, hawana maji ya bomba, na wagonjwa waliobaki ndio wale wasioweza kujigeuza.

Mabasi mengine yalifika tarehe 14. Yalikuwa mabasi ya viti, kama yale yanayochukua abiria wa kawaida. Ndani yake waliwekwa watu waliokuwa wakinyweshwa kwa mirija, na hakuna muuguzi aliyepanda pamoja nao. Njia ya kusini ilikuwa haipitiki kwa sababu ya vinu, na tena ilitakiwa wapitie mahali pa kupimwa mionzi kabla ya kupokewa po pote. Basi wakazungushwa kaskazini, kisha magharibi, kisha kusini, mwendo wa kilomita 230 hivi, yapata saa kumi za barabarani, mpaka shule moja katika mji wa Iwaki, wakalazwa katika ukumbi wa michezo wa shule ile. Palikuwa baridi ya mwezi wa Machi. Baadhi walikufa garini, wengine walikufa ukumbini. Wa mwisho katika Hospitali ya Futaba hawakuondolewa hata ilipofika tarehe 16. Tume huru iliyowekwa na Bunge la Japani, iliyotoa taarifa yake mwaka wa 2012, ilihesabu kwamba wagonjwa wasiopungua 60 wa hospitali na nyumba za wazee walikufa kabla ya mwezi ule kwisha kwa sababu ya kuhamishwa.

Mionzi haikumwua hata mmoja wao. Waliuawa na baridi, na kiu, na kukatizwa dawa, na kukaa kwenye kiti kwa saa kumi mtu asiyeweza kukaa. Waliowapokea walipokea miili isiyo na maandishi: huyu ni nani, ana ugonjwa gani, alimeza dawa gani asubuhi, hula kwa kinywa au kwa mrija? Hayo ndiyo yaliyotufanya sisi makarani tuone kuwa habari hii yatuhusu. Daftari la wagonjwa ni kazi yetu. Likibaki kabatini mgonjwa anapopakiwa garini, mganga anayempokea huko aendako huwa kama mtu aliyeletewa mzigo usio na anwani.

Na kuna jambo jingine katika habari ile ambalo Chama chetu hakiwezi kulipita kimya. Siku chache baada ya hayo ofisi ya mkoa ilitangaza hadharani kwamba wagonjwa walikutwa hospitalini pasipo mtumishi hata mmoja. Magazeti yakashika neno hilo, na watu wakawalaani wauguzi wa Futaba kwamba wamewatupa wazee na kukimbia. Baadaye ofisi hiyo ililazimika kusahihisha maneno yake, maana mganga mkuu na wenzake walikuwa wamebaki. Lakini twajua sote jinsi sahihisho linavyotembea polepole nyuma ya tangazo. Mahali pasipokuwa na mpango ulioandikwa, wenye kuonyesha nani alipewa kazi gani na nani alipaswa kuleta gari, lawama hushuka mpaka kwa yule wa chini aliyekuwa karibu. Mpango ulioandikwa humlinda mgonjwa. Humlinda na mtumishi pia.

Wako watakaosema kwamba msiba kama ule haukuweza kuepukwa. Sivyo. Karibu na hapo, katika mji wa Minamisoma, wachunguzi walifuatia habari za nyumba tano za wazee zilizohamishwa, wakachapisha uchunguzi wao mwaka wa 2013. Kwa jumla vifo viliongezeka kiasi cha mara 2.7 kupita ilivyokuwa kabla ya ajali. Lakini havikuwa sawa nyumba kwa nyumba. Palipokuwa na maandalizi na mapokezi mema wazee walisalimika zaidi; palipokuwa na haraka walikufa zaidi. Mionzi ilikuwa ile ile na barabara zilikuwa zile zile. Tangu hapo Wajapani wamebadili kanuni: hospitali na nyumba za wazee zilizo karibu sana na kinu zaweza kutengenezewa vyumba vyenye vichujio vya hewa, ili mgonjwa ambaye safari itamdhuru akae ndani humo mpaka gari la kufaa na muuguzi wa kwenda naye wapatikane. Yaani wamekubali kwamba kuondoka si salama sikuzote, na kwamba kukaa kwa muda huenda kukawa ndiyo dawa. Neno hili ni gumu kulisema mbele ya watu wenye hofu. Ndiyo sababu lapasa liandikwe kabla hofu haijaja.

Tuseme kidogo juu ya madereva na wachukuzi wa machela, maana wao ndio wa kwanza kumgusa mgonjwa na ndio wa mwisho kuambiwa. Tarehe 30 Septemba 1999, huko Tokaimura, Japani hiyo hiyo, wafanyakazi watatu walikuwa wakimimina maji ya urani kwa ndoo katika chombo kisichostahili, hata mionzi ikalipuka mbele yao. Watu wa gari la wagonjwa waliitwa, lakini hawakuambiwa kwamba ni ajali ya mionzi; wakaingia mahali pale kama wanaoingia nyumba ya mtu aliyeanguka kifafa, nao wakapigwa na mionzi, ijapokuwa kidogo. Wawili katika wale wafanyakazi watatu walikufa, mmoja Desemba mwaka ule, na mwingine Aprili mwaka wa 2000. Neno moja tu katika simu lingetosha kuwaonya watu wa gari. Twauliza: katika hospitali zetu, dereva wa zamu ya usiku huambiwa nini ila jina la mahali?

Na huko Chernobyl, usiku wa tarehe 26 Aprili 1986, wazima moto waliletwa katika hospitali ya mji wa Pripyat, kiasi cha kilomita 3 tu kutoka kwenye kinu, wakitapika. Wauguzi waliwavua nguo, na nguo zile, pamoja na viatu, zikatupwa katika chumba cha chini ya hospitali. Miongo ya miaka imepita, mji wenyewe hauna watu, na nguo zile zilipopimwa zilikuwa bado zina mionzi ya kutisha. Wagonjwa waliohakikishwa kuwa na ugonjwa wa mionzi katika ajali ile walikuwa 134, na 28 kati yao walikufa mwaka ule ule. Wale wauguzi walifanya kazi njema kuliko walivyojua, maana kumvua mgonjwa nguo tu humwondolea sehemu kubwa ya vumbi, na maji na sabuni huondoa nyingi ya iliyobaki. Kilichokosekana ni mfuko wa kutilia zile nguo, na mahali palipochaguliwa mbele pa kuuweka.

Twaeleza haya kwa kuwa hofu yetu kubwa ni hofu yenyewe. Tumesikia wenzetu wakisema kwamba siku ya jambo kama hilo wao watafunga dirisha la mapokezi na kwenda zao. Hatuwalaumu, maana hakuna aliyewafundisha. Lakini waganga wa mambo haya wakubaliana kwamba mtu mwenye vumbi la mionzi mwilini, akivuliwa na kushughulikiwa na watu waliovaa kanzu, glavu na kitambaa cha puani, mara chache sana huwa hatari kwa wanaomtibu. Tena mtu aliyepigwa na mionzi kutoka mbali, asiye na vumbi mwilini, hana hatari yo yote kwa mwingine, kama vile aliyepigwa picha ya eksrei asivyoweza kumwambukiza jirani yake. Na kama anatoka damu, damu ndiyo huzuiwa kwanza. Kupima na kuosha hufuata. Muuguzi asiyejua hilo atamwacha mtu afe mlangoni akingoja kipimo. Pia vidonge vya iodini vinavyosifiwa sana hulinda tezi ya shingoni tu, tena kwa iodini yenye mionzi inayotoka katika kinu. Kwa kobalti au sesiamu havifai kitu.

Basi mpango wa hospitali tunaouomba si kitabu kinene cha kupambia rafu ya bwana mkubwa. Twaomba karatasi moja ibandikwe ukutani katika chumba cha mapokezi, kwa Kiswahili, yenye kuonyesha mlango utakaotumiwa na wenye vumbi na mlango usiotumiwa. Mahali pa kuvulia nguo. Mifuko na lebo za majina zilipo. Kipimo cha mionzi kama kipo na mtu ajuaye kukitumia. Simu ya Tume ya Arusha, ya mchana na ya usiku. Na hospitali mbili zitakazopokea wagonjwa wetu tukilazimika kuhama, moja kwa upande mmoja na ya pili kwa upande mwingine, maana upepo hauagizwi. Na wagonjwa wagawanywe mbele katika makundi matatu: atembeaye, akaaye, alalaye, na alalaye asipakiwe pasipo muuguzi, blanketi, maji, na karatasi yake imefungwa mwilini. Jambo la mwisho hilo halihitaji fedha ya Hazina. Lahitaji uzi na kipande cha kadi. Tena lafaa kwa mafuriko na kwa moto, ambavyo ni vya kwetu kabisa.

Tutatoa ushuhuda mmoja, ingawa si wa kujivunia. Iko hospitali moja, tusiyoitaja, ambako daftari kubwa la waliolazwa hufungiwa kabatini ofisi inapofungwa, na ufunguo huenda nyumbani na karani. Usiku mmoja bomba lilipasuka juu ya wodi ya wanaume, wagonjwa wakahamishwa upesi mpaka jengo la pili, na hata asubuhi hakuna aliyeweza kusema kwa yakini walikuwa wangapi. Mzee mmoja alikutwa amelala nyuma ya jiko, ameloa, hakuulizwa na mtu usiku kucha. Hakufa, namshukuru Mungu. Karani mwenye ufunguo ni mwanachama wetu, naye ndiye anayeandika maneno haya. Tangu usiku ule daftari hulala kwa muuguzi wa zamu, na idhini ya jambo hilo dogo ilichukua miezi minne na barua saba.

Kwa hiyo, wanachama wote wanaofanya kazi katika hospitali na vituo vya afya, wakiwa makarani, wauguzi, madereva au wafagiaji, waombwa wajibu maswali manne, wayapeleke kwa Katibu kabla ya mkutano wa mwezi ujao, naye atayaambatanisha na barua yetu kwa Wizara. Je, daftari la wagonjwa hulala wapi usiku? Ni nani mwenye amri ya kuhamisha wagonjwa, na asipokuwapo ni nani? Je, dereva huambiwa aina ya ajali anayoitiwa? Na kama kuna mpango wa ajali ya mionzi, mara ya mwisho ulijaribiwa lini, mchana au usiku? Asiyejua jibu na aandike kwamba hajui, atie sahihi na jina la kituo chake. Jibu hilo nalo litahesabiwa.